Motokari Iliyonyamaza Njia ya Malindi

Juzi gari la mjukuu wangu lilikataa kuwaka hapa Gede, mbele ya maduka. Fundi akachomoa kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti, akasema, "Ni rilei hii, bibi. Ndani mna ulimi wa chuma, umekwama." Akatia kingine, gari likanguruma. Mimi nikabaki nimesimama juani. Naam, ndugu yangu, ndimi kama zile nilipata kuzisikia zikilia, na laiti ningekuwa nimezisahau.

Nilikuwa msichana mdogo, miaka ya kabla ya vita vile vya kwanza vya Wazungu. Gede yetu ilikuwa nyumba chache za makuti, mashamba ya mihogo, na duka la bati la jirani yetu Mhindi. Mkewe akitukuta tunapita na mitungi ya maji, alitukatia sukari guru, tukawa twailamba njia nzima. Jirani ndiye peke yake aliyekuwa na motokari. Aliinunua kwa mzungu wa shamba la mpira aliyekuwa akirudi kwao, akajifunza kuiendesha mwenyewe, na sisi watoto tuliifukuza mpaka vumbi likatushinda.

Mama akashikwa na uchungu wa kuzaa. Usiku ukapita, mchana ukapita, mtoto hatoki. Nyanya, aliyewazalisha wanawake wa mtaa mzima, alitoka chumbani alfajiri akiwa amefura macho.

"Amekaa vibaya," alimwambia baba. "Mtieni kwenye machela, mumpeleke kwa daktari Malindi."

"Machela itafika lini, mama? Motokari itamfikisha mara moja."

"Kile chuma hakikujui wala hakimjui mwanangu. Wabebaji nawajua."

Lakini baba alikuwa ameshakwenda kwa jirani, na jirani hakungoja kuombwa mara mbili. Tulimlaza mama nyuma juu ya magodoro, nyanya upande huu, mimi upande ule nimemkumbatia.

Tulikuwa tumeziacha nyumba mbali, pande zote vichaka, motokari ilipokohoa ikazimika. Jirani akazungusha mkono wa kuwashia, ikawaka. Ikaenda kidogo, ikazimika tena. Mara ya tatu shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

Akafungua sanduku la mbao karibu na miguu yake. Ndani mlikuwa na visanduku vinne, kila kimoja na ulimi wake wa chuma. "Umeme ukifika, ulimi hutetemeka, moto hupatikana," alimweleza baba. "Zungusha mkono polepole." Baba akazungusha. Ulimi wa kwanza ukalia kama nyuki aliyefungiwa chupani, ukafuata wa pili, wa tatu, wa nne. Zote zilikuwa nzima.

"Basi mbona inazimika?" baba akauliza, sauti imempanda.

"Ikisimama inalia, ikitikisika inanyamaza. Kuna waya unaoachia." Jirani akamtazama mama, akainamisha macho. "Niwie radhi, bwana. Itabidi tuitikise."

Wakamteremsha mama mchangani, juu ya leso. Mchanga ulikuwa umeanza kuchoma. Alinishika mkono, kucha zikaniingia, lakini hakulia. Baba akaishika motokari kwa bega akaitikisa kama mtu anayepigana, na jirani, sikio kwenye sanduku, akawa anainua waya mmoja mmoja. Mlio ukawa unakatika na kurudi, unakatika na kurudi. Nyanya alikuwa akisoma dua. Sijui tulikaa kiasi gani. Nakumbuka tu kivuli cha motokari kilitukimbia, nikavua leso yangu nimkinge mama uso.

Hatimaye jirani akang'oa mbao za sakafuni. Waya mnene uliotoka kwenye betri ulikuwa umesuguana na chuma mpaka ganda lake likalika, na kila tukitikisika shaba ilikigusa chuma, umeme ukapotea. Nyanya, bila kuambiwa, akararua pindo la kanga yake akampa. Jirani akauzonga ule waya, akaufunga mbali na chuma. Motokari haikuzimika tena mpaka Malindi.

Daktari alimwokoa mama. Mdogo wangu alitoka kimya, mvulana, nywele tele.

Nyanya hakumlaumu baba hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Jirani aliiacha motokari chini ya banda, kuku wakaifanya kwao. Mama alipopata nguvu za kukaa, alimwambia baba mbele yangu: "Alikuwa ameacha kucheza tumboni kabla hatujatoka nyumbani. Kusimama kule hakukumuua." Baba akasema, "Alhamdulillahi," akatoka nje. Na kwa miaka yote aliyoishi, kila alipopita njia ile alishuka kwenye punda akatembea kwa miguu kipande kile.

Leo njia imetiwa lami na vichaka vimekuwa viwanja vya watu. Duka la bati halipo, wajukuu wa jirani wako Mombasa. Nikipita siwezi tena kukuonyesha mahali tulipomlaza mama. Wote waliokuwapo wamekufa, nimebaki peke yangu, na mimi nilikuwa nimeukumbatia mwili wake njia nzima. Sikumbuki kuhisi mtoto akicheza, wala sikumbuki kutomhisi. Mama alisema kweli, au alimhurumia mumewe. Sikumuuliza.