Biskuti Zikiisha

Upepo ukivuma kutoka upande wa viwandani, nusu ya Thika hunukia biskuti. Wageni hupenda sana. Husimama kando ya barabara, wakavuta pumzi, wakatuambia sisi wenyeji kwamba tuna bahati. Mimi hufunga dirisha. Ni harufu ya siagi na sukari iliyoshikwa na moto kidogo, na ukiivuta kwa muda mrefu huacha ukakasi nyuma ya ulimi. Ikinikuta ofisini huwa nanyamaza dakika kadhaa, na wenzangu hudhani kuna mtu amenikosea.

Wenzangu hao huniona mtu wa afya. Chai ya saa nne ikija na sahani ya biskuti, mimi hufungua mkebe wangu wenye nduma au viazi vitamu na karanga kidogo. Wamenitania mpaka wakachoka. Mmoja wao aliwahi kunivuta kando aniulize ni daktari gani wa mtandaoni ninayemfuata, maana alikuwa na kitambi alichotaka kukipunguza kabla ya harusi ya dada yake. Nilimwambia ni mazoea tu. Sikumdanganya, ila sikumwambia yote. Nyinyi nitawaambia, kwa kuwa hamnijui na hamtaniangalia kwa huruma kesho asubuhi.

Nilikuwa na miaka saba mama alipopata kibarua katika kiwanda kimoja cha biskuti hapa Thika. Alipanga chumba Kamenu pamoja na wanawake wengine wawili wa hapo kazini. Walifanya kazi kwa zamu na wakalala kwa zamu, kitanda kimoja kisichowahi kupoa. Mtoto hakuwa na pa kuwekwa. Basi nikapelekwa Mwihoko kwa Tata Njoki. Tata ndivyo tunavyomwita dada ya mama, na huyu alikuwa dada mkubwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kanisani, aliyeshona sare za shule kwenye kibanda mbele ya ploti alimokuwa amepanga, vyumba vingi vyenye ua mmoja.

Kutoka Mwihoko hadi Thika si safari ya kumwambia mtu pole. Unaondoka ukishakunywa chai, unafika kabla hujasikia njaa. Lakini mimi sikujua hivyo. Nilijua tu kwamba mama yuko mahali ambapo siwezi kupaona hata nikipanda juu ya tangi la maji, na nilipanda, na nikachapwa kwa kupanda.

Siku aliyoniacha aliweka kitandani mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, umejaa biskuti zilizovunjika. Kiwanda hakiwezi kufunga biskuti iliyovunjika kwenye pakiti, kwa hiyo Ijumaa wafanyakazi huuziwa kwa bei ya chini. Zilikuwa zimechanganyika: vipande vya maziwa, vya krimu, vya nazi, na unga mwingi chini. Sikuziangalia. Nilikuwa nimeshika gauni lake.

"Utakuja lini?"

Mama hakuwa na tarehe ya kunipa. Kibarua husimama langoni asubuhi, akaitwa ama asiitwe, na akikosa kufika siku moja nafasi yake inachukuliwa. Hayo nayajua sasa. Wakati ule niliona tu anaangalia dari, kisha dada yake, kisha ule mfuko.

"Kula pole pole, mami," akasema. "Hizi biskuti zikiisha, nitakuja."

Sikusikia pole pole. Nilisikia mengine yote.

Nilizimaliza kwa siku tatu. Nilikula kabla ya shule na baada ya shule, nikala chooni, nikala chini ya blanketi nikizitafuna polepole ili zisisikike. Alhamisi niliramba unga wa mwisho kwa kidole kilicholoweshwa, na Jumapili, nisimwambie mtu yeyote, nikakaa langoni. Mama akaja! Mngekuwa mimi, mngeamini nini?

Alikuja na mfuko mwingine. Alinisuka nywele huku nimekaa katikati ya magoti yake, na harufu ile ilikuwa kwenye mikono yake, kwenye kitambaa cha kichwa, hata kwenye pumzi yake. Nilimwambia kuhusu mwalimu wangu na kuhusu paka wa jirani. Alinijibu mara mbili tatu, kisha mikono ikalegea kichwani mwangu. Alikuwa amelala akiwa ameketi. Sikusogea mpaka miguu ikafa ganzi. Saa kumi akaondoka, akaniachia mistari minne ya nywele ambayo haijasukwa, na Tata akaimalizia jioni, vibaya.

Mfuko wa pili niliumaliza kwa siku mbili, nikampigia mama kwa simu ya Tata kumwambia zimeisha, na kwa kila mfuko uliofuata nikafanya hivyo hivyo.

Nataka mlielewe jambo hili, kwa sababu katika familia yetu bado linasimuliwa vingine: sikuwa nazipenda. Labda zile za kwanza kabisa. Kufikia mfuko wa pili ulimi ulikuwa na vidonda, na nikimeza nilihitaji maji, na tumbo likilia usiku nililibana kwa mto. Kilichonitoa mate kilikuwa nduma za Tata. Alizichemsha kila siku mbili kwenye sufuria kubwa, akaifunika kwa karatasi ya nailoni chini ya kifuniko, na mvuke wake ulinukia kama udongo baada ya mvua. Alinikatia kipande kinene, akaninyunyizia chumvi. Nami nilitikisa kichwa. Tumbo lililojaa nduma halina nafasi ya biskuti, na biskuti zisipoisha mama haji. Ilikuwa hesabu rahisi.

"Ngai!" Tata alisema, akimwambia Mama Brayo, jirani yetu aliyetoka Kakamega. "Huyu mtoto anakataa nduma anataka biskuti. Ana minyoo ama ni nini?"

"Si minyoo," Mama Brayo akamjibu. "Ni mtoto wa mama wa kiwanda. Amezoea vitamu."

Mwezi wa tatu jino la nyuma likaanza kunigonga. Nilificha siku mbili, nikatafunia upande mmoja, mpaka shavu likavimba na hapakuwa tena na cha kuficha. Kule kliniki mwanamke mwenye glavu alinichungulia mdomoni, akamwangalia Tata kwa jicho ambalo Tata hakulisahau. Tulirudi nyumbani. Tata akauchukua mfuko wa wakati huo, uliokuwa umebaki nusu, akauweka juu ya kabati.

"Mbili kwa siku," akasema. "Na hata hizo nakuhurumia. Ukisikia njaa kuna nduma, kuna ndizi, kuna mahindi ya kuchemsha. Hiyo ndiyo chakula ya mtu."

Mbili kwa siku! Nililala chali nikiutazama mfuko ule, nikijaribu kuhesabu vipande kupitia plastiki. Niliona kwamba nitakuwa mkubwa, nitaolewa, nitazeeka, na vipande bado viko juu ya kabati. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu kingine chochote.

Watoto wa ploti hawakuwa wakicheza nami. Si kwamba walikuwa wabaya. Nilikuja wakati timu zao za kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, zilikuwa zimeshapangwa, na mtu wa ziada huvuruga mambo. Lakini siku hiyo, Tata alipoenda kupeleka sare, niliweka kigoda juu ya kiti, nikapanda, nikashusha mfuko, nikatoka nao uani. Nikamwita Brayo, aliyekuwa na miaka tisa na ndiye aliyeamua kila kitu.

"Kuleni," nikamwambia.

"Ngapi ngapi?"

"Zote."

"Wee! Zote zote? Na wewe?"

"Mimi jino linauma. Kuleni, lakini ziishe leo."

Aliniangalia kama anayetafuta mtego uko wapi, kisha akaita wenzake. Walikula wamechuchumaa kando ya kamba za nguo, na kwa muda wa kama robo saa nilikuwa mtu muhimu Mwihoko. Kipande cha mwisho kilipomezwa walipangusa mikono kwenye kaptula, wakarudi kwenye mchezo wao. Hakuna aliyesema njoo. Nilibaki nimeshika plastiki tupu, na kusema kweli nilikuwa na furaha.

Tata aliporudi nikampa mfuko umekunjwa vizuri. "Zimeisha. Pigia mama simu."

Alipiga, pengine kwa hasira, lakini hasira ya Tata haikukaa. "Huyu msichana wako anapenda hizo biskuti, sijawahi ona," nilimsikia akisema. "Nimemfichia na bado amemaliza. Ongea na yeye."

Nikashika simu kwa mikono miwili. "Mama, biskuti zimeisha."

"Zimeisha kabisa?"

"Kabisa kabisa."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu tuachane. "Haya mami, nimeskia. Nitakupangia."

Jumapili nilivaa gauni la njano. Niliosha viatu vya raba kwa mswaki, nikaviweka juani mapema ili nisije nikampokea mama na viatu vyenye maji. Nilikaa langoni tangu watu wakienda kanisani hadi walipokuwa wakirudi. Tata alinitumia kipande cha nduma kwa mkono wa Brayo, nami nikakiweka mapajani bila kukigusa.

Aliyekuja alikuwa mwanamume nisiyemjua. Alifanya kazi na mama, naye nyumbani kwake ni Githurai, kwa hiyo pale kwetu palikuwa njiani. Begani alibeba gunia la nailoni, lile la kilo ishirini na tano, limefungwa mdomo kwa kamba ya katani. Akalitua mbele yangu, likatoa sauti ya vitu vingi vikivunjika zaidi.

"Wewe ndiye Shiru? Mama amesema hizi zitakutosha mpaka shule zifungwe."

Nililia mpaka nikakosa pumzi. Yule mwanamume akacheka kwa upole, akamwambia Tata, "Ona vile amefurahi," na Tata akanipapasa mgongo akisema asante kwa niaba yangu. Majirani walitoka kuona gunia. Mama Brayo alisema kuna watoto wana mama. Nami nikiwa katikati yao wote, sikuwahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale, kwa sababu sasa hata kilio changu kilikuwa kimepewa maana nyingine.

Sikuonja hata moja. Nililiangalia gunia lile na kujua kwamba limenishinda. Tata aligawa kwa watoto wa Sunday school, nyingine zikaingia sisimizi, nyingine akawapa kuku wa mwenye ploti. Mimi jioni ile ile nikala nduma, vipande vitatu, na sijawahi kuacha. Kwa miaka mingi Tata aliwasimulia kina mama wa kanisa jinsi Mungu alivyomwondolea mtoto wa dada yake tamaa ya sukari kwa siku moja. Mama alikuja shule zilipofungwa, kama alivyosema.

Mambo haya sikumwambia mtu. Mwaka jana mama alihamia kwangu. Sasa sukari imemzidi mwilini na daktari amemkataza vitu vitamu. Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tumekaa jikoni tukimenya viazi vitamu, naye akawa analalamika kwamba mimi nisiyependa vitamu siwezi kuelewa mateso yake. "Na vile ulikuwa umezoea biskuti," akasema. Ndipo nikamwambia. Nilimweleza vile nilivyozila chooni, kuhusu Brayo, kuhusu gunia. Nilimweleza nikicheka, kwa sababu miaka imepita na nilidhani ni hadithi ya kuchekesha.

Kisu chake kikasimama.

"Kwa hivyo ulikuwa unazimaliza ndiyo nikuje."

"Ulisema zikiisha."

Akaniambia kwamba mwaka ule mwanamke mmoja wa Ruiru, muuzaji wa mitumba, alimtaka amsaidie kibandani. Malipo yalikuwa karibu sawa na ya kiwandani. Angelala kwa Tata, kitanda kimoja nami.

"Ukakataa?"

"Huko ningekuletea nini? Kila nikiongea na wewe ni biskuti, mama biskuti zimeisha. Nikasema, wacha nivumilie hapa. Hata nikikosa kuwa na yeye, mtoto asikose kitu anapenda." Akatazama kisu. "Na mimi ni mtu wa kuja kuona mtoto mikono mitupu?"

Kwetu mzazi aliye mbali haji mikono mitupu. Nimekua nikilijua hilo, na nimelifanya mwenyewe, nikasimama dukani nikichagua mkate na maziwa ilhali anayenisubiri anataka nifike tu. Lakini pale jikoni nilirudia simu zote zile kichwani, moja baada ya nyingine, na katika zote sikupata hata moja ambayo nilisema, Mama, njoo. Nilidhani nilikuwa nikilisema. Nilikuwa na miaka saba na nililisema kwa namna pekee niliyofundishwa, na yeye akalijibu kwa gunia.

Mama akachukua kiazi kingine, akakigeuza geuza mkononi bila kukimenya.

"Hata zile nzima hukuzipenda?" akaniuliza, kwa sauti ndogo. "Kila Ijumaa nilikuwa nafika mapema kwa foleni, natafuta zile hazijavunjika. Nilikuwa napata nne, saa zingine tano. Nilikuwa naziweka juu kabisa, ndiyo ukifungua uzione za kwanza."

Nilijaribu kuzikumbuka. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote, mfuko wa kwanza, wa pili, wa tatu, na sikuona hata biskuti moja nzima. Nilikuwa nikila haraka mno.

"Hizo nilizipenda," nikamwambia.