Vipimo vya Assani

Wako watakaosema nilikunywa maji mengi ya mto hata akili ikapotea. Waseme. Mimi njo nilikuwa ndani ya kile chombo, si wao, na haya nisemayo sikusimuliwa na mtu.

Ilikuwa wakati wa vita. Treni imesimama, barabara zimefungwa, na hapa Kindu watu wenye silaha walikuwa wanaingia majumbani kuchukua wanawake. Mume wangu Assani, mfanyakazi wa reli, akaamua mimi na dada yake Zaina tushuke mto mpaka Ubundu kwa shangazi yao. Yeye abaki na mama yao, ambaye alikuwa hawezi tena kutembea. Mimi nilikuwa mushonaji. Nikafunga kichwa cha cherehani yangu ndani ya kitenge, tukapanda baleniere, ile boti ndefu ya mbao yenye mota.

Siku ya pili, jua likiwa utosini, mota ikazima. Chombo kikageuka ubavu, kikashuka. Sikusikia hata kelele. Nilimshika Zaina mkono. Maji yalikuwa ya udongo, halafu yakawa kijani, halafu hayakuwapo tena.

Utaniuliza tulipumua namna gani? Hata mimi najiuliza mpaka leo. Tulijikuta tumesimama barabarani, watu tisa. Wengine hatukuwaona. Palikuwa na nyumba za matofali na stesheni ya treni, na kwanza nilifikiri tumerudi Kindu. Lakini kila kilichokuwa mkono wa kuume kwetu, kule kilikuwa mkono wa kushoto. Mwanga ulikuwapo, jua hapana. Mara kwa mara mota za boti zilipita juu yetu, mbali, kama mvua juu ya bati la jirani.

Mwanamke mmoja akatupokea. Msafi, mpole, Kiswahili chake kile cha bibi zetu. Akatupa wali na maji, akatuambia tuko wageni, na mgeni haondoki bila ruhusa. Tukajaribu kuondoka. Tulifuata kila barabara mpaka mwisho, na kila mwisho ulikuwa ile stesheni.

Halafu tukagawiwa kazi. Zaina akapewa pasi. Mimi nikaonyeshwa meza, na juu yake, niamini, cherehani yangu mwenyewe, kavu. Yule mwanamke alikuwa ananiletea kamba zenye mafundo: fundo la bega, la kifua, la mkono. Wenye vipimo sikuwaona. Nilipomuuliza alisema ni nguo za wanaokuja.

Fundi mmoja wa mota alikuwa amefika kule kabla yetu. Ndevu zake nyeusi, kijana kabisa, lakini aliniuliza kama Wabelgiji wangali wanatawala. Nilicheka. Zaina akalia. Fundi njo alinieleza kwamba hakuna anayeshuka kule kabla nguo yake haijakwisha. Ya kwake aliikuta imemaliza kupigwa pasi.

Nikatazama gauni nililovaa. Lilinikaa sawasawa. Sikulishona mimi, wala sikutoka nalo Kindu. Kwa nini sikuwa nimeliona? Sijui. Kule mtu alikuwa haoni jambo mpaka aambiwe.

Kwa hesabu yangu ilikuwa siku ya kumi nilipoletewa kamba ambayo fundo la bega la kushoto liko chini kwa vidole viwili. Sikuhitaji jina. Bega la Assani lilishuka hivyo tangu alipoangukiwa na chuma cha reli, na mashati yake yote nilikuwa nayashona mimi.

Zaina alikuwa karibu. Nikamwonyesha. Akaendelea kupiga pasi. Basi nikakata kitambaa, nikaishona ile shati ndogo, nyembamba, hata mtoto asingeingiza mkono.

Yule mwanamke aliishika, akaigeuza.

“Umekosea,” akasema.

“Ndiyo, mama. Nimekosea.”

“Hapa fundi hakosei. Anayekosea hana kazi hapa.” Akafungua mlango pale ambapo mimi kila siku nilikuwa naona ukuta. “Mmoja tu.”

Sasa hapa njo nachanganyikiwa. Mara nakumbuka Zaina alinisukuma mgongoni, akisema, “Enda, wifi, enda kwa kaka yangu.” Mara nakumbuka hakusema neno, na mimi sikugeuka kumwangalia. Yote mawili nayaona wazi. Siwezi kuapa kwa lolote.

Nilitokea upande wa Alunguli, ng'ambo ya mto hapa Kindu, maji magotini, mchana, katikati ya wanawake waliokuwa wanafua. Wakakimbia. Mmoja tu akabaki, Mama Feza, jirani yetu. Nilimwacha na mimba. Sasa mtoto wake alikuwa amesimama pembeni na ndoo kichwani.

“Weye njo muke wa Assani?” akauliza. “Matanga yako tulisha kuvunja zamani.”

Vita ilikuwa imekwisha. Mama mkwe alikuwa amezikwa. Assani aliponiona alikaa chini palepale, akanishika miguu. Halafu akauliza, “Zaina iko wapi?”

Nikamwambia alipotea majini. Ni uongo? Ni kweli? Uamue mwenyewe.

Miaka ikapita. Juzi, kiangazi hiki, tulikuwa tunakula, nikaona nimechoka kubeba jambo peke yangu, nikamwambia Assani yote. Nilingoja anitukane kwa ajili ya dada yake. Akanawa mikono taratibu.

“Wakati wa vita mwanamuke mumoja alikuja hapa kwetu,” akasema. “Simujui. Aliniambia, ‘Muke wako iko muzima, amenituma nichukue vipimo vyako.’ Nikasimama, akanipima na kamba.”

“Hukumuuliza anatoka wapi?”

“Alisema uko muzima,” akanijibu. “Ningemuuliza nini tena?”

Tangu siku ile hatuli tena pamoja. Si kwa hasira. Kila mmoja akimtazama mwenzake anamwona Zaina. Cherehani niliyonunua baada ya kurudi nimeiuza, na Assani amehamia Kalima, anachimba mawe, mbali na mto.

Nawe unayenisikia, kama iko mtu wako aliyepotea, najua unangoja habari zake usiku na mchana. Siku moja atakuja mgeni mpole akuambie kwamba mtu wako ni mzima. Na itakuwa kweli. Njo maana nakuonya: huyo usimfungulie.