Chupa ya Bluu Niliyompelekea Wifi Isansa

Kilichonitoa Tunduma Ijumaa ile asubuhi ni mdomo wangu mwenyewe. Mwaka juzi, kwenye msiba wa mama, nilisema mbele ya waombolezaji kwamba wifi yangu, Mama Neema, ndiye aliyemloga. Tangu hapo hatukuongea tena.

Halafu siku moja, nikisubiri wateja kwenye kibanda changu cha vitenge, nikakutana kwenye simu na mafundisho ya Hawaii, visiwa vya mbali huko. Wanayaita hooponopono, ulimi nusura uteguke! Mwalimu alisema ukikosana na mtu huna haja ya kumfuata. Rudia tu moyoni: samahani, nisamehe, asante, nakupenda. Kisha unywe maji yaliyoanikwa juani kwenye chupa ya bluu. Nikajaribu miezi mitatu na, jamani, nikapata nafuu, hata usingizi ukarudi. Nikaamini wifi naye kapoa huko aliko. Nikasema niende nikaone, nimpelekee na chupa yake.

Saa nne nilikuwa Vwawa, baridi ikikata masikio. Nilinunua sukari na mkate, nikapanda bodaboda. Dereva aliposikia naenda kwa nani, alinishusha mbali na nyumba. "Mama, mimi naishia hapa," alisema.

Isansa nilifika mchana. Kaka yuko Zambia kikazi, hivyo wifi alikuwa peke yake shambani. Kahawa ilikuwa imekaukia mitini. Kule watu huchumiana kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, lakini kwake hakuna aliyekanyaga tangu ule msiba. Nikamsalimia, nikatoa chupa, nikamweleza yote. Akarudi nyuma.

"Maji umeyanuia, halafu unaniletea mimi? Ficha hiyo! Wewe ukiwa nayo ni maombi. Mimi nikionekana nayo watasema nini?"

Niliirudisha mkobani haraka, aibu imenijaa.

"Lakini wifi, miezi mitatu nimekuomba msamaha."

"Umeniomba mimi lini? Ulinisema mbele za watu. Nenda kaseme mbele za watu."

Jumapili baada ya ibada hapo Isansa niliomba nafasi kwenye matangazo. Nikasema nilidanganya, kwamba mama aliuawa na presha, daktari alituambia, na mimi nilijua. Mzee wa kanisa akasema, "Haya, tumesikia," akaendelea na tangazo la kwaya.

Jumatatu wifi aliweka vikapu sita barazani kwa majirani watakaokuja kuchuma. Tulisubiri mpaka jua likawa kali. Hakuja mtu. Tukachukua viwili tukaenda kuchuma wenyewe, na mimi machozi yananitoka kama mtoto.

Jumanne nilirudi Tunduma. Mafundisho yale siyatukani, yalinituliza kweli. Ila yalinituliza mimi niliyekosa, na muda wote nikilala vizuri, mwenzangu alikuwa anachuma peke yake. Hilo ndilo nililojifunza, na nimechelewa kulijua. Kabla ya kuondoka nilimfuata shambani, nikamwambia usoni, "Wifi, nisamehe."

Hakuacha kuchuma.

"Nimekusikia," alisema. "Tatizo ni kwamba ile ya kwanza, ya msibani, walikuamini."