Tonge la Kwanza

Kila jioni, kabla ya kusema bismillahi, Mama Houda alizungusha sahani. Ilikuwa sahani kubwa ya bati, nyeupe, yenye maua mekundu katikati na ukingo uliobanduka rangi upande mmoja. Aliizungusha polepole mpaka pale palipobanduka paje upande wake, upande mzima ubaki kwa mumewe. Ndipo Papa Houda alipomega bugali, akafinyanga tonge la kwanza kwa vidole vyake vya ufundi, akaliweka mbele ya mkewe. La pili ndilo lake. Wakala. Maneno hayakuwepo.

Nyumba yao na yetu ziko ua mmoja, hapa Buyenzi, mlango unatazama mlango. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo jioni nakaa kizingitini nachambua maharage, na nisipotazama kwao nitatazama ukuta.

Mama huyo jina lake Waridi. Alikuwa mnene kidogo, mpole, anatembea kama anayeogopa kuamsha mtoto, na mtoto hakuwepo. Houda, binti yao wa pekee, aliolewa Uvira. Papa Houda mwenyewe, Radjabu, ni fundi wa magari. Si mtu mbaya. Hapigi, hanywi. Ila maneno yake yote anayaacha garaji, nyumbani anafika na mikono tu. Mama Houda aliwahi kumwambia mama yangu, "Lile tonge ndiyo salamu yake. Nikishaliona, najua bado niko muke wa mutu."

Halafu Papa Houda akakutwa na sukari. Daktari, kule Rohero, akamkataza bugali, wali, mkate, viazi, ndizi. Ale mboga, samaki, mayai, avoka. Alirudi amenuna. Mama Houda akamwambia naye ataacha, waache wote wawili.

Mama yangu akamcheka pale bombani. "We Mama Houda, sukari ni ya bwana yako. We unajinyima nini?"

"Nitakulaje bugali mbele yake? Sahani yetu ni moja."

"Basi utakonda, upepo wa ziwa ukubebe."

"Unibebe. Utatubeba wawili."

Ndivyo ilivyoanza rejimu yao, mlo ule wa daktari. Kosa walilifanya siku ileile ya kwanza, na wao hawakuliona. Daktari alisema kila mmoja awe na sahani yake, apate kuona kipimo. Papa Houda akanunua sahani mbili za kioo na uma mbili, akazileta kwa furaha. Ile ya bati ikatundikwa msumarini. Na kweli, mboga ya lengalenga na yai utavifinyanga tonge gani? Mtu anachoma kwa uma, anapeleka kinywani mwake mwenyewe.

Tena sahani ndogo inabebeka. Papa Houda akaanza kutoka na yake nje, anakaa karibu na redio. Mama Houda akabaki ndani mkekani. Jioni moja nilimwona anaizungusha ile ya kioo, kwa mazoea, anatafuta palipobanduka. Kioo kilikuwa kizima pande zote. Akaacha, akala.

Alikonda. Magauni yakampwaya. Kwenye harusi ya jirani alikaa mbele ya sinia la pilau akanywa maji, na walipomlazimisha alisema, "Apana, niliahidiana na bwana yangu." Alilisema kama mtu anayeonyesha pete.

Siku moja Papa Houda alitoka asubuhi bila chakula chake. Mama Houda akakaanga mukeke, akamfunika vizuri samaki wake, akaniita. "Bella, nisindikize garaji. Nimechoka kutembea peke yangu."

Tulifika mafundi wanakula. Kulikuwa na lori limefunguliwa boneti, sisi tukawa nyuma yake, hawakutuona. Walikuwa wamelizunguka beseni la bugali na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Papa Houda katikati yao.

"Mzee Radjabu," alikuwa anasema Ilyasi, fundi kijana, "mama akikukuta hapa itakuwaje?"

"Atanikutia wapi? Nyumbani nakula majani kama mbuzi. Hapa nakula kama mutu."

Wakacheka. Naye alicheka, kicheko kirefu ambacho sijawahi kukisikia uani kwetu. Kisha akamega bugali, akafinyanga, akaliweka tonge mbele ya Ilyasi. "Kamata, we mutoto. La kwanza ni la kwako."

Mama Houda akageuka. Nikamfuata. Tulikuwa karibu na nyumbani aliponiuliza, "Umemusikia anacheka?"

"Nimesikia, mama."

"Nilizani ameshasahau."

Samaki alirudi naye nyumbani, bado amefunikwa. Jioni ile nikaona moshi kwao, nikasikia mwiko unagonga sufuria, sauti ambayo ilikuwa imepotea pale. Alisonga bugali. Aliitoa sahani ya bati msumarini, akaifuta vumbi, akaizungusha mpaka palipobanduka paje upande wake. Bugali yenyewe kidogo tu katikati, kama ngumi ya mtoto. Akakaa akingoja.

Papa Houda akarudi, akasimama mlangoni.

"Nini hii?"

"Bugali kidogo. Leo tu. Nikatie tonge moja, Papa Houda, hata kama we huli."

"We si ndiye uliapa tufunge wote?"

"Niliapa. Leo ulikula nini garaji?"

Akafuta mikono kwenye suruali. Kisha akasema, "Avoka."

Akachukua sahani yake ya kioo, akajitilia mboga, akatoka kwenye redio. Mama Houda akabaki ameitazama ile bugali. Baadaye akamega mwenyewe, akafinyanga, akaliweka tonge upande ule mzima, upande wa mumewe. Yeye hakula. Akanawa, akajitanda mtandio wake wa Ijumaa, akavaa ndala.

Alipita mbele ya Papa Houda. Mzee akapunguza sauti ya redio.

"Unaenda wapi saa hizi za chakula?"

"Natoka."

Akaongeza sauti ya redio tena. Alifikiri chumvi imeisha, anaenda dukani.

Mimi alinisemesha. "Bella, chakula kipo ndani. Usimuache paka aingie." Akanishika kichwa, kwa mkono wenye harufu ya bugali, akafungua lango la ua, akalirudisha taratibu. Nilisikia ndala zake mpaka barabarani, hazikuharakisha. Hakurudi.