Barua Ambayo Muthoki Hakuiona

Muthoki Mbuvi alikuwa amepiga taipu miaka ishirini na miwili katika ofisi ya zahanati ya kanisa pale Ikutha. Alizaliwa upande wa Mbumbuni, akasomea ukarani Machakos, akaolewa Ikutha mwaka wa 1971, na wiki tatu baada ya harusi akaketi mbele ya taipuraita ya zahanati. Ilikuwa mashine nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia. Muthoki aliipiga macho yakiwa dirishani. Kila herufi ilikuwa na mlio wake, na mstari ulipokaribia kuisha kengele ililia, naye akairudisha karatasi mwanzo kwa mkono wa kushoto. Akikosea alisikia kabla ya kuona.

Mwezi wa tatu mwaka wa 1993, wafadhili wa zahanati walileta kompyuta. Taipuraita ikapewa shule ya kanisa siku hiyo hiyo. Muthoki aliitazama ikibebwa na wanaume wawili, akarudi ndani akakuta meza yake imejaa vitu vyeupe vilivyounganishwa kwa nyaya.

Aliyekuja kumfundisha alikuwa kijana wa kutoka Kiambu, Evanson Mbugua. Alikuwa na siku tatu tu.

"Mama, tuanze pole pole," Mbugua alisema. "Hii ni kibodi. Hapa ndipo unaingizia maneno. Hii ni skrini, inakuonyesha. Ile ni printa, inatoa karatasi. Hiki kidogo kinaitwa mausi."

"Panya?"

"Ndiyo, kwa sababu ya mkia. Kishike. Sasa peleka mausi juu."

Muthoki akaiinua mausi hewani, usawa wa uso wake.

"Hapana, mama. Juu kwa skrini. Hapa kwa meza unaisukuma tu mbele."

Akaisukuma. Mshale mdogo ukatembea kwenye skrini. Akaendelea kusukuma mpaka mausi ikagonga kikombe cha chai, kisha ikafika ukingoni.

"Meza imeisha," akasema, "na mshale haujafika."

"Inua mausi, uirudishe katikati."

"Si umeniambia nisiinue?"

Mbugua alijikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alirudia kila jambo mara tatu, na Muthoki aliandika yote kwenye daftari la mazoezi: kibodi ni ya kuingiza, mausi ni ya kuingiza, printa ni ya kutoa, skrini ni ya kutoa. Hilo la mwisho alilipigia mstari na kuweka alama ya kuuliza.

"Skrini imetoa nini?" alimwuliza. "Sijashika kitu."

"Inatoa picha ya kile umeandika."

"Na chenyewe kiko wapi?"

"Kiko ndani ya hili sanduku. Kwa memori."

Muthoki aliinama akalitazama sanduku. Lilikuwa linavuma na lilikuwa na taa moja ya kijani. Hakuona mahali pa kuweka maneno.

Siku ya pili alipiga barua ndefu, na ilipofika chini ya skrini mistari ya juu ikaanza kupotea. Akaruka kutoka kitini. "Imekula! Mbugua, imekula salamu zote!" Kijana akabonyeza kitufe fulani na salamu zikarudi, lakini sasa mwisho wa barua ndio ulikuwa umepotea. Halafu kulikuwa na lile jambo la kengele. Aliingojea, haikulia, naye kwa hofu alibonyeza kitufe cha kuanza mstari mpya kila baada ya maneno manne au matano. Karatasi ikatoka na mistari mifupi mifupi kama wimbo wa kitabuni.

Mbugua aliondoka siku ya tatu. Alimwachia namba ya simu ya ofisi yao Nairobi, ingawa simu ya karibu ilikuwa posta, na siku nyingi haikushika.

Muthoki hakumwambia mtu, lakini alianza kuamka usiku akirudia vitufe kichwani. Alikuwa na miaka arobaini na mitano. Nyumbani mumewe Kiema alimwuliza kama ile mashine ni ngumu, akamjibu kwamba hata hajui kama ni ngumu, kwa sababu hajui inafanya nini. Lakini aliendelea. Alijifunza kwamba jenereta ikiwashwa na swichi ikabonyezwa, sanduku linalia mara moja, *tii*, kisha linakoroma kidogo, kisha linanyamaza. Hapo anaandika herufi mbili za kufungua programu na kubonyeza kile kitufe cha mstari mpya, nalo linakoroma tena. Kuchapisha ni kushikilia kitufe kimoja, kubonyeza cha saba katika safu ya juu, kisha namba moja. Alikariri hivyo kama mtu anayekariri njia ya kwenda kijiji asichokijua.

Mwezi wa saba, surua iliingia vijiji vya kusini. Watoto wawili walizikwa juma moja. Bwana Musembi, mganga mkuu wa zahanati, alikusanya majina ya vijiji kumi na tisa na hesabu ya watoto wasiochanjwa, akaja nayo ofisini saa tano asubuhi.

"Mama Kisilu," alimwita Muthoki kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "gari linatoka saa sita kwenda Kitui. Nataka barua ya kuomba chanjo na hii orodha, nakala tatu."

Muthoki alibonyeza swichi. Sanduku likalia *tii*, likakoroma, likanyamaza. Skrini ilibaki nyeusi.

Alizima, akawasha. Nyeusi. Alipiga skrini kwa kiganja upande mmoja, halafu mwingine. Akaitikisa mausi.

"Imekufa?" Musembi aliuliza.

"Sijui. Inalia kama iko sawa. Lakini haionyeshi."

"Basi andika kwa mkono."

"Nakala tatu? Zile karatasi za kaboni zilienda na taipuraita." Alitazama saa ya ukutani. Orodha ilikuwa kurasa mbili.

Alisimama akiwa ameshika kiti. Sanduku lilikuwa linavuma. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Kama maneno yanakaa mle ndani, na skrini ni ya kuonyesha tu, basi labda... Hakuimaliza fikira hiyo, maana kila alipoifuata iligeuka.

"Nisomee," akamwambia Musembi. "Pole pole. Usinirudishe nyuma."

Akaandika zile herufi mbili za kufungua, akabonyeza kitufe cha mstari mpya, akangoja ule mkoromo wa pili. Ukaja. Akageuza uso dirishani na kuanza kupiga. Musembi alisoma: vijiji, idadi, waliougua, waliokufa. Vidole vya Muthoki vilikwenda vyenyewe juu ya vitufe visivyolia. Mara mbili alihisi amekosea, akarudi nyuma herufi moja bila kuona chochote, akaendelea. Jasho lilimtiririka mgongoni. Ilikuwa kama kuongea na mtu ambaye hujui kama yumo nyumbani.

Walipomaliza akashikilia, akabonyeza cha saba, akabonyeza moja.

Kimya.

Akarudia. Kimya. Akarudia tena.

"Basi," Musembi alisema, akifikia kalamu.

Ndipo Muthoki alipoona kwamba taa moja ya printa haikuwaka. Akabonyeza kitufe kilichokuwa kando yake. Printa ikapiga kelele kama mtu aliyeamshwa, na karatasi yenye matundu pembeni ikaanza kupanda, mstari baada ya mstari. Barua ilitoka. Kisha ikatoka tena. Kisha mara ya tatu, kwa sababu aliagiza mara tatu.

Kuanzia kijiji cha saba kila kitu kilikuwa kwa herufi kubwa, kana kwamba anapiga mayowe. Kijiji kimoja kilikosa herufi. Musembi alikisahihisha kwa kalamu, akaweka sahihi mara tatu, akakimbia na barua mpaka kwenye gari.

Chanjo ilifika baada ya siku nne. Mtoto mmoja zaidi alikuwa amefariki katika siku hizo, na Muthoki alikwenda mazishini.

Mbugua alikuja mwezi wa nane. Aliinama nyuma ya meza, akasukuma waya mmoja uliokuwa umelegea, na skrini ikawaka.

"Ni hii tu, mama. Pengine ulivutwa wakati wa kufagia."

Muthoki akamweleza habari ya barua. Kijana akamwomba arudie.

"Swali langu ni hili," Muthoki alisema. "Wakati ule skrini haionyeshi, mimi nilikuwa naandika wapi?"

"Kwa memori, mama. Ndani."

"Ulishaniambia hivyo."

"Ndiyo."

"Na mimi nilishakuambia sijaelewa."

Mbugua akacheka, akavuta kiti, akaketi kando yake. Muthoki akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaandika tarehe.

"Haya," akasema. "Anza tena."