Fahali wa Santan Barreto

Santan Barreto alimpiga kila mtu maishani mwake isipokuwa fahali wake. Alimpiga mkewe mpaka mama wa watu akarudi kwao, akawapiga wanawe mpaka wakatokomea Ureno, na mwaka mmoja, kwenye sikukuu ya kanisa letu, alimng'oa meno shemeji yake Minguel mbele ya padri kwa sababu ya kiti. Mimi na yeye tumegawana ukuta, kwa hiyo sikusimuliwa. Sikumpenda hata kidogo.

Lakini ungemwona na Kaporal, fahali wake huyo! Asubuhi alimshusha ufukweni, akampitisha katikati ya wazungu waliojianika juani, akamwingiza baharini mpaka shingoni ili misuli ikaze. Akirudi naye alimkanda kwa mafuta ya nazi, taratibu, akimnong'oneza maneno ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia. Hapa kwetu Goa fahali wa kupigana hashikwi na mtu mwingine. Akizoea mikono ya watu analainika, na akigeuka mara moja tu uwanjani, huhesabiwa amekimbia, na jina lake limekwisha. Anauzwa kwa mchinjaji, na mwenyewe anachekwa kila baa mpaka siku anazikwa.

Kosa lilianza pale Santan alipoteleza kisimani akavunjika mguu, mvua ndiyo kwanza zimeanza. Sisi majirani alishatutukana wote, hakuna aliyejitolea kumsaidia. Wazungu nao walishaondoka kukimbia mvua, isipokuwa Detlef, mpangaji wake wa chumba cha mbele, Mjerumani mstaafu aliyekaa hapa mpaka akasahau kwao. Santan akameza kiburi. Akamfundisha mluzi wake, mfupi, mara mbili, ambao Kaporal akiusikia huja kula mkate na kukunwa paji la uso. Akamwonya asiupige popote ila zizini. Msimu mzima Detlef alipiga mluzi na fahali akaja. Mguu ulipopona walikuwa wakimkuna wote wawili, mmoja kila upande, kimya, na mimi nikichungulia ukutani nilidhani mzee ameanza kuwa mtu.

Mpunga ulipovunwa, Minguel, na meno yake ya bandia, alileta fahali mweusi mwenye shingo nene akatangaza kwamba anakuja kumaliza habari ya kile kiti. Santan alikubali bila kufikiri. Tulikusanyika shambani jioni, kimyakimya, maana polisi hawautaki mchezo huo. Detlef hakualikwa. Alitufuata kwa pikipiki yake.

Mafahali waligongana vichwa mpaka ardhi ikatetema. Yule mweusi alimchana Kaporal sikio likabaki linaning'inia, akamtoboa bega, damu ikaruka mpaka kwenye nguo za watu wa mbele. Kaporal alizamisha kwato kwenye matope akasukuma. Jicho moja lilishafumba. Hakurudi nyuma hata hatua, na mweusi akaanza kuhema na kuyumba. Bado kidogo tu angekimbia.

Ndipo mluzi ukapigwa. Mfupi, mara mbili.

Kaporal alichomoa pembe zake akageuza kichwa kumtafuta anayemwita. Pembe ya mwenzake ikamwingia chini ya taya ikatokea upande wa pili. Alipiga magoti, na uwanja mzima ukapiga kelele kwamba amekimbia.

"Shemeji," Minguel alisema huku akicheka, "wahi sokoni, nyama isije ikaoza."

Santan alichukua kisu akammaliza fahali wake mwenyewe ili asiteseke, mkono wote ukiwa damu mpaka kiwikoni. Kisha akaokota fimbo akamwendea Detlef, aliyekuwa analia kama mtoto.

"Kwa nini umemwita?"

"Nilitaka arudi nyumbani," Detlef akasema.

Fimbo ilimvunja bega. Ya pili ilimvunja taya. Akaanguka, na Santan akaendelea kumpiga mbavuni mpaka wanaume wakamlalia juu. Sauti ya ile mifupa ninayo mpaka leo.

Wazungu wa ufukweni waliwaka moto, wakataka Santan afungwe. Lakini inspekta alipokwenda hospitali, Detlef, taya limefungwa waya, aliandika kwa mkono wake mzima kwamba aliingia uwanjani kwa ujinga wake akapigwa pembe. Akaongeza kwamba Santan hakumgusa. Inspekta alifurahi, maana fahali ameshakufa na kesi imekufa naye.

Nilimpelekea Santan habari hiyo nikidhani namletea furaha. "Umepona, mzee," nikamwambia. "Mjerumani wako kasema ni Kaporal."

Aliinuka, akavaa shati lake la kanisani, akaenda kituoni. Nikamfuata.

"Andika ni mimi," akamwambia inspekta. "Kaporal hakuwahi kumgusa binadamu."

Inspekta akamwambia aende zake nyumbani, ana bahati.

"Andika na lingine. Hakukimbia. Aliitwa."

Inspekta akacheka, akasema polisi hawaandiki mambo ya ng'ombe. Santan akavuka meza akamzaba kofi, kofia ikaruka mpaka mlangoni. Askari walimvamia kwa marungu, wakampiga mpaka akalala sakafuni, na mimi, niliyemchukia miaka yote ile, nikajikuta nawapigia kelele wamwache. Meno yake ya mbele yalikuwa sakafuni pembeni yake.

"Aliitwa," alikuwa bado anawaambia. "Andikeni. Aliitwa."