Lustre ya Mikono Sita

Mama yangu alikuwa mshonaji wa mapazia, na mapazia ndiyo yaliyotuletea lustre, taa ya fuwele ya kuning'inia darini. Bibi mmoja wa kizungu pale mjini, ambaye mama alikuwa amemshonea madirisha yote ya nyumba yake, alikuwa anafunga virago baada ya wanajeshi kupora mji, kama walivyofanya wenzake wengi miaka ile. Taa za kuning'inia hakuweza kusafiri nazo. Akamwambia mama azichukue zote tatu: moja kubwa yenye mikono sita, na mbili ndogo, kila moja ukubwa wa sufuria ya chai. Fuwele zilikuwa zimevuliwa na kuviringishwa ndani ya magazeti. Tulizileta kwetu, mtaa wa Panda, kwa baiskeli, safari tatu, mama akitembea ubavuni na kuushikilia mzigo kama anayemsindikiza mgonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, umri wa kuonea aibu kila kitu, na nilimwonea aibu njia nzima.

Nyumbani hatukuwa katika hali ya kupamba. Kiwanda kilikuwa kinafunga karakana moja baada ya nyingine. Baba yangu alikuwa fundi wa kusuka nyaya za shaba ndani ya mota za umeme, kazi aliyoifanya tangu ujana, na siku moja aliambiwa aende akangoje nyumbani, ataitwa. Baba akangoja kweli. Kila asubuhi alivaa ovaroli yake ya buluu, akafunga vifungo mpaka shingoni, akakaa mbele ya dirisha linalotazama barabara. Miezi ilipita. Hakushika koleo, hakutoka nje ya ua, na mwishowe hata maneno akawa anayatoa kwa kipimo. Katika mtaa wetu wanaume watatu walikuwa wameketi namna hiyo na tulikuwa tumekwisha kuwazika, bila daktari kutaja ugonjwa wowote. Mama aliogopa baba asije akawa wa nne, na hakunificha. Aliniambia jikoni, tukitwanga sombe, majani ya muhogo.

"Papa yako anakufa macho wazi," alisema. "Minye sitamuachilia."

Jinsi taa ingemzuia mtu kufa sikuiona. Kusema kweli sidhani kama mama mwenyewe aliiona. Alichoamini ni kwamba nyumba yenye huzuni hupambwa kwanza, mengine yatajulikana mbele. Jirani yetu, mwanamke mwenye ulimi mkali na moyo mwema, alikuja kuchungulia magazeti yakifunguliwa sebuleni.

"Yaya," akasema, kwani alimwita mama dada yake mkubwa, "bukari tunakula mara moja ku siku, na weye unatundika lustre?"

"Njo maana," mama akamjibu. "Tumbo haina kintu, basi macho ikule."

Siku mbili nzima tuliosha fuwele. Maji ya uvuguvugu, limau, kisha kukausha kwa kipande cha shuka kuukuu. Kidole kitupu mama hakukiruhusu, kwa sababu kidole huacha mafuta na mafuta huua mng'ao. Nilinung'unika, naye hakunisikia. Kulikuwa na fuwele ndefu zilizochongoka, na nyingine bapa zenye pembe nane, na zote zilikuwa zimevaa utandu wa vumbi na moshi wa miaka. Utandu ulipotoka, nilinyanyua moja dirishani ili nione kama imetakata, na ukuta wetu, ambao haukuwa umepakwa rangi tangu nizaliwe, ukajaa vipande vya nyekundu, kijani na zambarau. Hapo nikaacha kunung'unika. Mpaka leo nikiingia katika nyumba ya mtu yenye taa ya namna ile, naangalia kwanza kama imeoshwa, na isipooshwa namdharau mwenye nyumba kidogo. Ndivyo nilivyolelewa.

Shida ikaja kwenye kuzitunga. Nyaya za zamani zilikuwa zimeoza, na mpangilio hakuna aliyeujua. Mama alijua namna moja tu ya kutunga kitu chochote chenye tundu: rozari. Yeye ndiye aliyewatengenezea akina mama wa parokia rozari zao zilizokatika. Akachukua waya mwembamba wa shaba katika sanduku la baba, akatunga fuwele kumi, akaweka moja kubwa, akatunga kumi nyingine, akaweka kubwa. Alipofika makumi matano akafunga fundo, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kugawa. Kila mkono wa taa ukapata kumi lake. Mkono wa sita ukabaki uchi.

"Na huu, mama?" nikamwuliza.

"Rozari iko na makumi tano," akasema. "Sitaongeza ya sita sababu ya taa."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakuona cha kuchekesha. Tukaifunga taa kwa kamba darini, juu ya mlango wa sebule, kuijaribu tu, nayo ikainama upande mmoja kama mtu anayesikiliza maneno ya jirani ukutani.

Siku ya kwanza baba hakuitazama. Siku ya pili nilikuta kiti chake kimegeuka kidogo, jicho moja barabarani, jicho moja kwenye taa. Siku ya tatu, wakati mama anashona na mimi nafagia, akasema:

"Ile kintu inalala upande."

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu juzi. Nikatupa ufagio nikimbilie kuinyoosha, na mama akanifinya mkono, na alifinya kweli.

"Minye inanipendeza vile," akasema, macho kwenye sindano.

Mama alikuwa mwongo asiye na kipaji. Picha ikipinda ukutani alikuwa hapati usingizi. Baba alimfahamu vizuri kuliko mimi, lakini fundi ni fundi, na kitu kilichopinda kilimwasha mwili mzima.

"Inalala," akarudia, akitazama dari. "Na kamba itakatika. Na plafond haitaibeba."

"Basi ianguke."

Baba akasimama.

Kukosea kulikuwa kwa kweli, mama aliniapia hivyo mpaka uzeeni. Kukataa kurekebisha ndiko kulikokuwa akili yake, na kwa hilo namvulia kofia. Baba alichukua mpini wa ufagio wangu, akaufunga kamba katikati, akapata mizani. Akazipima fuwele zote, akazipanga upya katika mafungu sita yenye uzito mmoja. Mama akasema anavunja rozari. Baba akamwambia kwamba Bikira Maria hatakasirika, anaona mwenyewe taa iko na mikono sita. Kisha akatoa nyaya mbovu ndani ya mikono ile, akapitisha mpya kwa vidole ambavyo nilidhani vimesahau. Vilikuwa havijasahau hata kidogo. Nilikaa karibu yake kutwa nzima kwa furaha ya kuvitazama tu.

Dari letu lilikuwa la mbao laini, kwa hiyo alihitaji ndoano ya chuma ya kukaza kwenye boriti. Ndoano nyumbani hatukuwa nayo. Akafungua mlango, akavuka ua, akaenda kwa rafiki yake mtaa wa pili kuitafuta. Mama alisimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi mpaka baba alipopinda kona, halafu akalia. Mimi pia nililia.

Umeme siku zile ulikuja ulipotaka wenyewe, na siku taa ilipokuwa tayari ulitaka kuja saa sita mchana, jua likiwaka. Mama hakukubali ushindwe na jua. Alinituma nitundike mablanketi yote kwenye madirisha, na majirani wakaingia, wakabanana katika giza la mchana, wakitoka jasho. Balbu tulikuwa nazo mbili. Baba alikuwa ameziweka kwenye mikono inayotazamana ili uzito usipotee. Akabonyeza. Mwanga ukashuka juu ya vichwa vyetu, ukakaa kwenye mashavu ya watu na kwenye kucha zao, na sebule yetu yenye viti vinne ikawa mahali pa heshima. Watu walinong'ona kama wako kanisani. Nilimtazama baba, na baba alikuwa anaangalia kama iko sawa.

"Yaya," jirani yetu akasema hatimaye, "minye pia niko na plafond."

Mama akampa moja ya zile ndogo. Wengine hawakuwa na taa ya fuwele, lakini walikuwa na pasi zilizokufa, redio zilizokohoa, majiko ya umeme yaliyokataa. Baba akaanza kuitwa huku na huku, na kila alipotoka mama alimshonea kitu, mara mfuko wa vifaa, mara kifungo kilicholegea.

Siku ya kuitundika taa ya jirani, baba alikuwa amesimama juu ya meza, mikono darini. Mama alishika meza, mimi nilimpa fuwele moja moja. Akaingia mjumbe wa kiwanda, akihema. Alikuwa ametoka kwetu na hakukuta mtu.

"Papa, chef anakuita," akasema. "Banafungua atelier. Anasema ukuye sasa hivi."

Mikono ya mama ikakaza kwenye meza. Karakana inafunguliwa na mkuu wake anamwita: hilo ndilo neno ambalo baba alikuwa amelivalia nguo kila asubuhi, na niliogopa angeruka chini na kuvunjika mguu. Baba hakugeuka. Alinyoosha kiganja nyuma yake, nikamwekea fuwele, akaifunga mahali pake.

"Mwambie ninakuya," akasema. "Nimalize kwanza."

"Nimwambie saa ngapi?"

"Kunabakia fuwele kumi na moja."

Mjumbe alitutazama mmoja mmoja, akavuta kigoda cha jirani, akakaa kumngoja.